Mbwembwe za nani zinakera?

Mwandishi wa makala moja anadai Vinícius Júnior, mshambuliaji Mweusi kutoka Brazil, "anajitakia" matusi ya kibaguzi kwa kucheza dansi akifunga. Haya. Antoine Griezmann, Mzungu wa Ufaransa, alicheza dansi fainali ya Kombe la Dunia 2018, tena baada ya penalti, na sikusikia akifananishwa na mnyama. Vinícius, Septemba 2022, aliambiwa kwenye runinga ya Hispania aache "kufanya unyani". Marekani nako, kwenye futiboli yao ya Kimarekani, Aaron Rodgers, Mzungu, alikuwa akiigiza kujifunga mkanda wa ubingwa kiunoni, ikaishia kuwa tangazo la bima; Cam Newton, Mweusi wa mchezo huohuo, alipocheza dansi mwaka 2015, mama mmoja akalalamika gazetini kwa niaba ya bintiye. Mimi mbwembwe hunichosha, hasa timu ikiwa nyuma kwa mabao matatu. Ila za Griezmann nazo zilinichosha.