Mkono wa roboti na kikombe cha kahawa: nani aongoze?

Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye usawa wa pingili ya 5 ya shingo, kama mgema aliyeanguka mnazini, aghalabu bado anainua bega na kukunja kiwiko, ila vidole havimtii. Mkono wa roboti uliofungwa ubavuni mwa kiti chake cha magurudumu unaweza kumnywesha kahawa pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, Lamu. Ubishi ni huu: aongoze kila hatua mwenyewe, au mashine ijiendeshe?

Kujiongozea kunachosha. Kijiti cha kuongozea kina mielekeo miwili tu, mkono una viungo 6 na vidole juu yake. Basi hubadili hali kila mara: kusogeza, kisha kupandisha, kisha kuzungusha kifundo, kisha kufumba vidole. Akidhani yuko kwenye kushusha, kumbe yuko kwenye kuzungusha, kahawa humwagikia pajani. Na paja lisilohisi huungua kimya kimya. (Kahawa iwe vuguvugu, kikombe kijazwe nusu. Hilo halina mjadala.)

Mashine inayojiendesha hupunguza kazi hiyo, chumbani. Dakani jua kali huzidi nguvu mwanga usioonekana ambao kamera nyingi za kupima umbali hutegemea, na gilasi ya chai huupitisha, kwa hiyo kamera huona pengo. Kikombe cha kahawa hakina mkono wala kimo: kosa la sentimita 2 hukiangusha. Tena muuza kahawa huinama na dele lake katikati ya njia ya roboti.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, walizilinganisha njia hizi kwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo. Mashine ilipojiendesha, juhudi ilipungua. Waliojiongozea waliridhika zaidi. Sishangai: kunyweshwa na mashine ni kunyweshwa tu.

Kwangu mimi, mtu aongoze hadi karibu na kikombe, mashine ifumbe vidole na kushikilia kikombe wima safari nzima. Kazi hiyo ya kushikilia wima haihitaji kamera, vipimo vya pembe kwenye viungo vya roboti vinatosha. Swichi ya kusimamisha iwekwe kando ya kichwa, kwa sababu misuli ya mkono ikikakamaa ghafla huweza kusukuma kijiti badala ya kukiachia. Na viunganishi vya waya vifutwe chumvi mara kwa mara. Upepo wa bahari huvila kutu, na kijiti huanza kusogea chenyewe bila kuguswa.