Masika ya Pwani si masika ya nchi nzima

Inakera sana, kila ifikapo Machi, kusikia redioni kwamba mvua za masika zimeanza na wakulima waandae mashamba, kana kwamba Watanzania wote tunaishi kati ya Tanga na Dar es Salaam. Huku kwetu Dodoma, kama ilivyo Singida, Tabora, Mbeya, Ruvuma na Mtwara, tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika kuelekea Aprili, kwa hiyo mwezi Machi mtama uko shambani unatoa masuke wala hakuna anayetafuta mbegu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutenganisha vizuri utabiri wa vuli, wa msimu (yaani wa mvua zetu hizi za mara moja kwa mwaka) na wa masika. Wanaouvuruga ni wale wanaousambaza bila kusoma maeneo yaliyotajwa. Madhara yake si madogo, kwani ujumbe wa kuhimiza kupanda unaomfikia mkulima miezi mitatu baada ya wakati wake humfanya aache kuamini hata ule ulio sahihi.

Baridi nayo husahauliwa vivyo hivyo. Wageni wa harusi hupelekwa Njombe mwezi Julai, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakiwa na mashati mepesi ya Pwani, na mwenyeji (ambaye hakuulizwa lolote) ndiye anayehangaika usiku kuazima mablanketi. Ninachodai ni kidogo: anayetangaza msimu autaje na mkoa unaohusika.