Ubongo wa roboti mbona mmeuruka?

Nimeisoma hii habari ya vijana wa sekondari hapa Mtwara kuunda roboti, hongereni sana wadogo zangu, ila mwandishi kaongelea magurudumu na mkono wa kubebea tu, ubongo wenyewe, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, kauruka. Na ndo penye utamu! Kule Marekani mashindano ya roboti ya wanafunzi yanayoitwa FIRST yalianza 1992, mwaka 2009 kwa upande wa ubongo wakahamia cRIO ya kampuni ya National Instruments, kompyuta ya viwandani kabisa, mzito na bei yake si mchezo, halafu 2015 ikaja roboRIO, ndogo zaidi, na hii ina akili moja naipenda mno, volti za betri zikiporomoka toka 12 mpaka kama 6.3 inakata mota kwanza ili yenyewe isizime. Wenzao wa FTC, mashindano ya FIRST hao hao ila ya roboti ndogo zaidi, wametumia mpaka simu za Android kama ubongo. Sasa huku kwetu Arduino, yaani saketi ndogo unayoiandikia programu, na betri ya bodaboda vinatosha kuanzia, ila walimu jamani hilo la volti lifundisheni mapema, mana roboti inaganda uwanjani mtoto anahangaika kufumua programu yote kumbe umeme ndo umeshuka. Na hii hewa ya chumvi ya Shangani inakula maungio ya waya, chomeleeni kwa risasi msizungushie selotepu tu.