Sikio la Sufuria

Hivi nani aliamua masikio ya sufuria yawe ya alumini? Uji unafurika, kitambaa cha kuepulia mtu kafutia viatu, nikashika hivyo hivyo. Nikaachia. Uji wote chini.

Mpwa wangu, kidato cha nne, badala ya kukimbilia maji ya baridi, kakunja mikono mlangoni.

"Pole mjomba. Hizo ni elektroni huru, vile vichembe vidogo vya ndani ya atomi."

"Lete maji!"

"Kila atomi ya alumini inaachia elektroni tatu za nje. Zikishaachiwa hazina mwenyewe, zinazurura sufuria nzima, na ndizo zinazozishikanisha atomi zisiachane. Hiyo ndiyo bondi ya kimetali, mjomba. Ukiwasha moto chini, zinaupokea na kukimbia nao mpaka sikioni."

"Na mwiko?"

Sijui kwa nini niliuliza.

"Wa mbao? Elektroni zake zimebanwa, haziendi popote."

Mimi, mjumbe wa nyumba kumi, nimesimama kwenye dimbwi la uji nasomeshwa tabia za mwiko. Nikauliza kwa utulivu, basi kwa nini sufuria yenyewe isiyeyuke tukapumzika? Eti mpaka nyuzi 660, kwa sababu kila atomi inachangia tatu. Sodiamu, nayo metali, inachangia moja tu, inayeyuka kwenye 98, maji hata hayajachemka. Nikamwambia sodiamu namfahamu, ni baba yako kwenye vikao vya harusi.

Hakucheka. Kaokota kijiko nilichokikanyaga, kimepinda, akafurahi! Tabaka za atomi zimeteleza tu, elektroni zinaendelea kuzishika, ndiyo maana hakikukatika. Angalia mafundi wa Gerezani, wanagonga bati mchana kutwa linageuka jiko; chumvi ukiigonga inasagika. Kijana, hicho ni kijiko cha wageni!

Umeme nao ukakatika. Kumbe uniti zimeisha. Anasema hata kwenye waya wa shaba ni elektroni hizo hizo, tena zinasogea chini ya milimita moja kwa sekunde. Chini ya milimita! Sasa uniti zangu zinakimbizwa na nani?

Usiniulize habari ya bati la paa saa saba mchana. Na mfuniko wa chuma wa shimo la maji taka umeondoka tangu juzi. Jirani alimwona mtu kaubeba kichwani mchana kweupe, wala hakumsemesha. Alidhani ni sinia la shughuli.