Vumbi ya Kasulo
Merci kwa hii habari juu ya Profesa Banza Lubaba Nkulu wa UNILU (Université ya Lubumbashi, Congo), mwenye kuchunguza namna vumbi ya mini, kule banachimba madini, inaingia mu mwili ya bantu. Ile kazi yake na wenzake ya 2018 ilipima kobalti, ile madini ya betri, mu damu na mikojo ya bantu ba Kasulo, kartiye ya Kolwezi kwenye banaichimba mpaka ndani ya parseli za manyumba. Ilikuta iko mingi kupita kwa bantu ba fasi ingine, na kwa batoto njo tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Mie sishangae, mtoto anacheza chini, anatia mikono mu kinywa. Halafu ile ya 2020 ya hapa Lubumbashi, ilikuta kama baba anatumika mu mini hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inapanda. Baba jamani! Na siye kila mara tunauliza mama alikula nini. Shemeji yangu akirudi na mabote yake mtoto anamurukia ku mlango, vumbi yote ingali ku nguo.