Seva Ikinyamaza, Nani Aamue Kuwa Imekufa?

Klasta ya seva, yaani kundi la kompyuta zinazotoa huduma moja kwa pamoja, ina ahadi moja: seva ikianguka, nyingine ishike zamu kabla mtumiaji hajashtuka. Ugumu wote umo katika hilo neno "ikianguka". Seva hupeana ishara kila baada ya muda mfupi, mithili ya mapigo ya moyo. Ishara zikikoma, kilichothibitika ni ukimya tu. Huenda mwenzake amezima. Huenda yuko hai na anaendelea kuandika data, ila njia ya mtandao kati yao ndiyo iliyokatika.

Wanaotaka mfumo uamue wenyewe wana hoja nzito. Huduma inayoahidi kupatikana kwa asilimia 99.99 ina dakika 52 na ushei za kuwa chini kwa mwaka mzima. Fundi aliyeamshwa saa nane usiku, mpaka afungue kompyuta na kusoma kumbukumbu za mfumo, kashakula sehemu kubwa ya hizo.

Lakini tazama yaliyoikuta GitHub, huduma ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, tarehe 21 Oktoba 2018. Wakati wa matengenezo ya kawaida, mawasiliano na kituo chake kikuu cha data, mashariki mwa Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Programu inayosimamia hifadhidata ikapiga kura, akidi ikatimia, uongozi, yaani kazi ya kupokea maandishi mapya, ukahamia magharibi. Mtandao uliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo magharibi haikuyapata, na magharibi ilikwisha kupokea mapya. Katika klasta moja yenye shughuli nyingi, yaliyokwama yalikuwa 954. Wahandisi wakachagua kulinda data badala ya kuharakisha. Huduma ilichechemea kwa saa 24 na dakika 11. Na kura ile, kwa kanuni zake, haikukosea.

Kinga ya kuaminika zaidi dhidi ya seva mbili kuongoza kwa pamoja ni ya kikatili: seva inayoshukiwa ikatwe umeme kwanza, ndipo mwenzake ashike zamu. Ndani ya chumba kimoja inawezekana. Kituo kikiwa mbali na mtandao umekatika, amri ya kukata umeme itapita wapi?

Kwa hiyo seva za wavuti zisizohifadhi data ningeziachia mfumo bila mjadala. Hifadhidata zilizo katika vituo vinavyotenganishwa na masafa marefu, ningemwachia mtu abonyeze kitufe, na dakika zipotee.

Vivyo hivyo wakati wa kurudi. Seva iliyofufuka irudi kama mfuasi. Ikirudishiwa uongozi papo hapo ilhali kumbukumbu yake (RAM) bado ni mbovu, itaanguka tena, na kila makabidhiano hukata miunganisho ya watu waliomo.