Kampuni, fundi wa Unga Limited na namba 30 juu ya nozeli

Jirani yangu wa Njiro amenunua gari lake la kwanza, na kabla hajalizoea wenzake kazini wameshampa wosia: ukilipenda gari lako usilipeleke kwa mafundi wa mtaani wa Unga Limited hapa Arusha, lipeleke kampuni, yaani gereji rasmi ya wakala wa kiwanda. Akaja kuniuliza kampuni yenyewe iko wapi. Nikamuuliza, kampuni ya nani? Gari ni Toyota IST. Limetoka Japani limeshatembea, likashuka bandarini, likapita kwa dalali, likaletwa huku na dereva aliyelipwa kwa safari. Hakuna aliyempa dhamana hata ya wiki moja. Hiyo kampuni anayoelekezwa haikumuuzia hata kofia ya tairi.

Wosia huo nausikia kila mahali, na hutolewa kwa sauti ileile ya mtu anayemwonya mdogo wake kuhusu marafiki wabaya. Kampuni ndiko kwenye uaminifu, mtaani ni uchakachuaji. Nimetumia kote kuwili kwa miaka mingi na naona kuna mtu anakosewa hapa. Lakini wosia wenyewe si wa kipuuzi, na tuupe haki yake kwanza.

Tuanze na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya vifaa vya kulipulia eabegi vyenye amonia naitreti ndani yake. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali kifaa kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma usoni na shingoni. Takata ilifilisika Juni 2017. Magari yaliyoitwa yarudishwe kubadilishiwa ni ya chapa nyingi, na mengi ni ya miaka ya 2000, rika moja na haya tunayoendesha sisi. Fundi wa mtaani ataona usukani mzuri tu. Anayewasiliana na kiwanda ni wakala, na kinachojibu swali ni namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari. Toyota kule Japani wana ukurasa wa kuiingiza namba hiyo, ingawa umeandikwa Kijapani. Jirani yangu nilimwambia aanze na hilo kabla hajafikiria hata kubadilisha oil.

Halafu kuna Prius na Aqua, zenye betri kubwa pamoja na injini ya petroli, ambazo siku hizi zimejaa. Betri ya Prius inazidi volti 200, na zile nyaya za rangi ya machungwa hazishikwi na mkono wenye jasho. Nimeona zikishikwa.

Na kuna karatasi. Kampuni inakupa karatasi ya kazi, risiti ya EFD na namba ya spea iliyofungwa. Gari likiharibika kesho kutwa unaujua mlango wa kugonga. Mtaani unaweza kuambiwa fundi kasafiri, yuko Babati, na simu yake haipatikani hadi Jumatatu.

Haya yote ni kweli. Tatizo la wosia ni kwamba unazungumza na watu wachache sana. Wateja wakubwa wa wakala ni wanunuzi wa magari mapya: mashirika, miradi, makampuni ya utalii. Sisi wengine tumenunua kilichotumika, na kwa chapa nyingi gereji rasmi ya karibu iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, au Nairobi ukishavuka Namanga. Mtu wa Moshi mwenye gari la Kijerumani taa ya injini ikiwaka, kumwambia apeleke kampuni ni sawa na kumwambia alipandishe gari kwenye lori.

Sasa niseme yaliyonikuta.

Miaka mitatu iliyopita Prado langu la dizeli, lenye injini ya 1KD ya lita 3.0, lilianza kugonga asubuhi na kutoa moshi. Nililipeleka gereji rasmi, siitaji ipi. Wakalipima kwa mashine, kazi safi, sakafu imepigwa deki, wakanipa karatasi: nozeli zote nne, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zibadilishwe, ziagizwe, nisubiri. Kwa bei ile ungenunua bodaboda mpya na chenji ikabaki ya kofia ngumu mbili. Nikauliza kama zote nne zimekufa. Nikajibiwa kwa upole kwamba ndio utaratibu wao. Utaratibu huo una maana yake, sikatai. Nozeli zilizofungwa siku moja huchoka pamoja. Lakini mashine yao wenyewe ilikuwa imeonyesha moja.

Nikashuka Unga Limited. Fundi ninayemsema hana kibao. Ana kontena, turubai na vijana watatu. Alisikiliza injini kwa dakika moja, akaitaja silinda ileile iliyotajwa na mashine, akafungua. Alipoitoa nozeli akanimulikia kwa simu chini kabisa ya tundu lake, akatoa washa ya shaba, kitu kidogo kuliko pete ya kidole cha mwisho.

"Mzee, hii hairudi," akasema. "Ukiirudisha, moshi wa silinda unapenya, masizi yanashuka kwenye oil, yanaziba chujio kule kwenye sampo, bakuli la oil chini ya injini. Injini inakufa kwa kukosa oil, halafu watu wanasema 1KD mbovu. Wanarudisha washa, hao."

Akaitupa mtaroni. Injini nyingi za aina hiyo zimekufa hivyohivyo alivyoeleza. Hakukisoma popote. Ameshafungua maiti za kutosha.

Akafunga nozeli nyingine, iliyotumika lakini nzima, na washa mpya. Gari likawaka, ila lilitetemeka likiwa limesimama, kama mtu mwenye homa anayejikaza. Yeye hakushangaa, nilishangaa mimi. Nozeli za aina hii hupimwa moja moja kiwandani, kwa sababu hakuna mbili zinazonyunyiza dizeli sawasawa. Tofauti ya kila moja huandikwa juu ya kichwa chake, herufi na tarakimu 30, na lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari ili ijue hii ikatwe kidogo, ile iongezwe kidogo. Usipoziingiza, kompyuta inaendelea kuihesabia nozeli mpya makosa ya marehemu. Kampuni wanaziingiza kwa dakika chache kwa programu yao. Fundi wangu alilijua hilo fika. Alichosema ni, "Mimi nimemaliza, sasa tumwite chalii."

Chalii akaja kwa bodaboda na kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Programu ilikuwa ya wizi na toleo la zamani. Mara mbili ilikataa kulitambua gari, mpaka waya ukabadilishwa. Wakapangusa oil juu ya nozeli kwa kitambaa, wakapiga picha, wakakuza, wakaanza kubishana hii ni 8 au B. Walikosea mara ya kwanza. Mara ya pili injini ikatulia palepale, na kijana mmoja aliyekuwa anakula mihogo pembeni akasema, "Heee!"

Saa ile naikumbuka kila ninaposikia mafundi wetu hawajui kazi. Ujuzi wa mkono ulikuwepo, sikio lilikuwepo, hata ile nidhamu ya washa ambayo wengi hawana ilikuwepo. Kilichokosekana ni ufunguo wa kuingiza herufi 30 ambazo zimeandikwa wazi juu ya chuma nilichokinunua kwa hela yangu. Ufunguo huo uko kwa mtu ambaye hakuniuzia gari, na anayetaka nibadilishe nozeli tatu nzima ili nimfikie. Fundi akauiba, na baada ya kuuiba tunamwita kanjanja.

Wakala ana jibu, na ni jibu zito. Programu hizohizo ndizo zinazosajili funguo za gari. Ukizigawa ovyo umewapa wezi kazi nyepesi. Na kiwanda kimetumia fedha nyingi kuandaa vitabu na mashine. Kwa nini avipate bure mtu asiyelipa hata kodi ya pango? Nakubali kwamba bure haifai. Auziwe, kwa bei ya fundi, na mambo ya funguo yafungwe upande wake. Kwani hali ya sasa inamzuia nani? Programu ya wizi imeshaenea. Kufungia kumetuletea toleo bovu la kitu kilekile, mikononi mwa chalii aliyejifunza kwa kubahatisha.

Afrika Kusini walilishika jambo hili kwa sheria za ushindani. Tume yao ilitoa miongozo ya soko la matengenezo ya magari iliyoanza kutumika 1 Julai 2021: mwenye gari anaruhusiwa kufanya sevisi gereji isiyo ya wakala bila kupoteza dhamana, na viwanda vinatakiwa kuzifungulia gereji binafsi taarifa za kiufundi. Sisi tuna Sheria ya Ushindani tangu 2003 na tuna FCC, tume yetu ya ushindani, ambayo mwenye gari huisikia zaidi ikikamata spea bandia. Kazi nzuri, iendelee. Ila spea orijino isiyokuwa na namba zake kwenye kompyuta nayo inasumbua kama bandia.

Na sisi wateja hatuna usafi wowote hapa. Mtu anabishana na fundi elfu kumi ya ufundi kwenye kazi ya siku nzima, kisha anaenda kunywa soda ya elfu tano hotelini bila kuuliza. Anakuja na breki pedi alizonunua mwenyewe, za bei ya karanga, anasema tia tu fundi, mwisho wa mwezi nitanunua nzuri. Zikimaliza diski anasema fundi ameua gari. Kampuni hawakubali spea ya mfukoni wala hawafungi nusu kazi. Naamini sehemu kubwa ya ule ubora tunaousifia kampuni ni ile haki ya kumkatalia mteja, na fundi wa mtaani hana. Akikataa, gereji ya jirani haitakataa.

Ajabu ni kwamba mji wenyewe umejengwa na mikono hii. Land Cruiser za utalii unazoziona zikielekea Makuyuni asubuhi nyingi zimekatwa na kurefushwa hapahapa Arusha, zikaongezewa viti na paa la kufunguka. Gari lililokatwa hivyo kitabu cha kiwandani hakilijui tena. Linapigwa na vumbi na rasta za barabara za Serengeti msimu mzima, na anayelirudisha barabarani ni fundi. Aliweza kwa sababu chini ya boneti kulikuwa na 1HZ, injini ya lita 4.2, silinda sita, pampu ya kimakanika, iliyotoka mwaka 1990 na isiyouliza namba ya siri. Kila kitu chake unakiona kwa macho na kukipima kwa spana. Kizazi kile kikiisha, na kinaisha, sifa ya mafundi wa Arusha itapimwa kwa kompyuta ambazo hawajaruhusiwa kuzifungua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana mpango wa urasimishaji wa ujuzi kwa waliojifunzia kazini, na fundi wangu nimemsukuma sana aende. Cheti atapata. Namba za nozeli haziji na cheti.

Kuna hoja moja ya kampuni iliyokuwa ikinitia shaka kuliko zote: kwamba kampuni itakuwepo kesho, na fundi hana uhakika. Januari 2025 CMC Motors, wauzaji wa magari, walitangaza kufunga shughuli zao Kenya, Uganda na Tanzania, jina tulilolikuta toka wazee wetu. Fundi wa Unga Limited hajatoa tangazo lolote. Yupo, au yuko Babati.

Jirani yangu nimemwambia hivi: eabegi apeleke namba ya chesisi kwa wakala, na siku akinunua Aqua aniambie tuzungumze upya. Sevisi ya IST, oil lita 3.7 na chujio lake, afanye mtaani, anunue mwenyewe duka analoliamini, asimame pale akiangalia, na abebe daftari. Daftari la kawaida la shule. Kila sevisi inaandikwa tarehe, kilomita, oil gani, spea gani, na fundi anasaini.

Fundi wangu nilipomwomba asaini mara ya kwanza alicheka, akauliza kama tunaenda mahakamani. Miezi sita baadaye gari lilifunguliwa na fundi mwingine njiani, Same, likarudi linavuja, na daftari likaonyesha nani aliligusa mwisho. Siku hizi akishakaza bolti ya sampo hunyoosha mkono mweusi kwa oil kabla sijatoa hata pochi. "Lete daftari, mzee."